Farasi mzee mwenye Cushing: mitishamba gani umpe, gani umwachie duka, na uanzie wapi

Hii naiandikia masaisi wenzangu na wenye farasi wazee, iwe uko Karen, Nanyuki, Arusha ama uko kwenye stebo (mabanda ya farasi) za Muscat, sababu naulizwa swali lilelile kila mara: kuna dawa ya mitishamba ya Cushing? Jibu fupi ni kwamba mitishamba ipo, kuna inayosaidia kidogo, kuna isiyofanya kitu na kuna inayodhuru kabisa, lakini hakuna ata moja inayochukua nafasi ya pergolaidi, vidonge vya hospitali anavyoandika veti, yani daktari wa mifugo. Jibu refu ndo hili, na naomba ulimalize kabla hujafungua kopo lolote.

Tuanze na ugonjwa wenyewe maana ukishaelewa hapa utajua mwenyewe dawa gani ina mantiki na ipi ni porojo. Chini ya ubongo wa farasi kuna katezi kadogo kanaitwa pituitari. Sehemu yake ya katikati inatawaliwa na neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, zinaleta kemikali inaitwa dopamini, na kazi ya dopamini pale ni breki. Farasi akizeeka hizo neva zinakufa pole pole, breki inalegea, tezi inavimba na kumwaga homoni ovyo, na mojawapo ni ACTH ambayo ndo inapimwa kwenye damu. Jina la Cushing limetoka kwa Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani aliyeueleza ugonjwa wa binadamu, ila wa farasi hauko sawasawa na ule, wa farasi chanzo chake ni hio dopamini kupungua, ndo maana maveti siku hizi wanauita PPID, kifupi cha Kiingereza cha kuharibika kwa hiyo sehemu ya katikati ya pituitari. Sasa pergolaidi inafanya nini? Inajifanya dopamini, inairudisha breki. Shika hapo, tutarudi.

Dalili wengi mnazijua bila kujua ni za Cushing. Farasi ana miaka 15 kwenda juu, manyoya yamekua marefu na hayapukutiki, nyama ya mgongo imeisha lakini tumbo linaning'inia, anakunywa maji ndoo baada ya ndoo na kukojoa mpaka matandiko yanaloa yote, anatoka jasho akiwa amesimama tu, kidonda kidogo hakiponi, kwato zinatunga usaha mara kwa mara. Na ile mbaya kuliko zote, laminaitisi, kwato kuwaka moto kwa ndani mpaka farasi anasimama ameegemea nyuma miguu ya mbele ameitanguliza.

Nilipoanza kazi tulikua na poni jike tunamwita Asali, miaka 23, alifundisha watoto wengi sana kupanda. Februari moja Nairobi jua linachoma yeye bado ana manyoya ya kujikunja kama mbuzi wa mlimani. Nikamuuliza mzee wetu wa stebo, "Babu, huyu mbona hapukutiki?" Akanijibu, "Kijana wangu, farasi akivaa koti Februari huyo ni mgonjwa, usimchekee." Aliagiziwa kopo la unga wa mitishamba kutoka nje, bei yake ilinishtua, na kwa miezi minne tulimpa kila siku bila kukosa. Manyoya yakapungua kweli, akachangamka, tukafurahi sana, hakuna aliyesema tupime damu. Mwezi wa tano wa kumpa huo unga, asubuhi moja nikamkuta amelala na hataki kuinuka, miguu yote miwili ya mbele laminaitisi. Ndani kulikua kunaendelea vilevile muda wote ule sisi tunaangalia manyoya. Hiyo asubuhi ndo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Kwaiyo hatua ya kwanza si duka, hatua ya kwanza ni damu. Mwite veti achukue damu ya ACTH, na ukiweza pima na insulini, homoni inayosimamia sukari, siku hiyohiyo, kwa sababu farasi wengi wenye Cushing wana shida ya insulini pia na insulini ikiwa juu ndo inayoleta ile laminaitisi. Damu ya ACTH ni dhaifu, inaingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, inawekwa kwenye baridi na kutenganishwa mapema, ikikaa kwenye gari la moto mchana kutwa majibu hayana maana, kwaiyo andaa kiboksi cha barafu kabla veti hajafika. Kitu kingine, ACTH ya farasi inapanda yenyewe msimu mchana unapoanza kufupika, na maabara za Uingereza na Marekani zina viwango tofauti kwa kila kipindi cha mwaka. Sisi wa karibu na ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, kwaiyo usichukue jedwali la huko ukalibandika hapa, mwachie veti aisome pamoja na dalili anazoziona kwa macho.

Hatua ya pili jua uzito, na usikisie, maana dozi ya kila kitu inategemea uzito na masaisi wengi wanakosea kwa kilo mia nzima. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele kwa sentimita, alafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Poni mwenye mzunguko wa 170 na urefu wa 155 anakuja kama kilo 377. Andika kwenye daftari na tarehe, rudia kila wiki mbili, futi ileile, mtu yuleyule akiweza.

Hatua ya tatu, pergolaidi. Najua umekuja kusoma mitishamba lakini siwezi kuiruka. Vidonge vya farasi vinauzwa kwa jina la Prascend, kidonge ni miligramu 1, na dozi ya kuanzia kwa kawaida ni kama kidonge kimoja kwa siku kwa farasi wa kilo 500, nusu kwa poni wa kilo 250, afu veti anapima tena baada ya wiki kama nne mpaka sita na kupandisha ikibidi. Usikisage kidonge, ule unga wake si mzuri kwa wewe unayeupumua, nawa mikono, na dada mwenye mimba au anayenyonyesha asikishike bila glavu, bora amwachie mwingine kabisa. Kihifadhi pasipozidi nyuzi 25, na hapa nawasema ndugu zangu wa Mombasa na wa Oman, boksi la dawa lililoachwa kwenye chumba cha matandiko cha bati ni hela imetupwa. Na ile ya kuchanganywa kwa maji na famasia inapoteza nguvu haraka, inataka friji na giza, ikibadilika rangi usimpe.

Siku za mwanzo farasi wengine wanakataa chakula na kupoa. Usikate tamaa na usiache kimyakimya, mpigie veti, mara nyingi dozi inashushwa siku chache na kupandishwa taratibu. Na hapa ndipo mtishamba wa kwanza ninaoupenda kwa moyo unaingia.

Uwatu. Ndio, uwatu huuhuu wa jikoni, wa dukani kwa Mhindi. Farasi wanaupenda mno, ata waliopimwa Uingereza wakawekewa ladha mbalimbali uwatu ulishika nafasi ya juu kabisa. Farasi mwenye Cushing kazi yako kubwa kuliko zote ni kuhakikisha kidonge kinaingia tumboni kila siku ya Mungu, na hawa wazee wana akili, watakula kila kitu kwenye ndoo na kukuachia kidonge kimoja kinang'aa chini. Mi nachukua konzi ya chakula kisicho na sukari, nakilowesha kidogo, natia kijiko cha chai cha uwatu uliosagwa, nakificha kidonge kwenye kadonge, nampa mkononi kabla hajaona ndoo. Watu wanasema pia uwatu unashusha sukari, kwa farasi sina sababu ya kukuahidi hilo, mi nautumia kwa harufu na ladha na kwa hilo peke yake unalipa.

Sasa twende kwenye ule wenye jina, viteksi. Kwenye makopo utaona Vitex agnus-castus, ni kichaka cha pwani za Mediterania, vinatumika vitunda vyake vidogo vilivyokaushwa, na karibu kila kopo lililoandikwa la Cushing ndani yake kuna huo, ata lile la Asali. Si porojo tupu, ndani yake kuna kemikali zinazoshika palepale dopamini inaposhika, ndo maana watu walidhani utafanya kazi ya pergolaidi. Swali ni kama nguvu inatosha. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa majibu ya farasi 14 waliopewa viteksi, wengi hawakupata nafuu na wengine wakazidi kuharibika, na walipohamishiwa kwenye pergolaidi wengi wakaanza kupata nafuu. Kuna wengine huko Ulaya waliona manyoya yanapukutika vizuri na farasi anachangamka, na mi mwenyewe nimeona hivyo kwa Asali kwa macho yangu, siwezi kukataa. Lakini manyoya kupukutika si homoni kushuka. Mwenye kwato za kuungua hajali manyoya.

Kwaiyo viteksi nautumiaje? Farasi ambaye vipimo viko mpakani, hana laminaitisi, insulini iko sawa, na veti amesema tusubiri tupime tena, huyo naweza kumpa kwa miezi miwili mitatu kwa kipimo cha kwenye pakiti kulingana na uzito, huku tarehe ya kupima damu tena ishaandikwa ukutani. Farasi aliyeko kwenye pergolaidi tayari, usimwongezee viteksi bila kumwambia veti, vyote viwili vinagonga mlango mmoja na hutajua nani amefanya nini. Farasi jike mwenye mimba au anayetaka kupandishwa, usimpe kabisa, huu ni mmea unaochezea homoni za uzazi.

Na hapa nasimama kidogo kwa sababu nimeshaulizwa na kijana wa Kilifi. Mfudu wetu wa pwani, ule wa matunda meusi matamu, na mfuru mkubwa wa bara, yote ni ukoo wa Vitex kweli, wataalamu wanaita Vitex payos na Vitex doniana. Lakini ukoo si mmea mmoja. Usikaushe matunda ya mfudu ukamsagia farasi ukidhani umepata viteksi ya bure, kilichomo ni kitu kingine, na tena ni matunda yenye utamu ambao farasi wa Cushing hautaki. Kula wewe na wanao.

Manjano na mdalasini nitavipitia haraka. Manjano watu wanachanganya na mafuta na pilipili manga wanapaka kwenye chakula, kwa viungo vya farasi mzee wengine wanaapa nayo, kwa Cushing yenyewe haigusi tezi. Mdalasini unasifiwa kwa sukari ya damu, kwa farasi ushahidi ni mwembamba. Kijiko kidogo hakitamuua ila usiondoe chakula bora ili upate hela ya mdalasini. Mbegu za Silybum marianum, zile zenye silimarini, zinauzwa kwa ajili ya ini, na farasi akizimeza ni kidogo sana kinachofika kwenye damu. Kama veti amepima ini na likawa na shida hapo mzungumze, kama ini ni zima sioni ya nini.

Vya kukaa navyo mbali sasa, na hapa sibembelezi.

Urukususu, ile mizizi mitamu ambayo Waarabu wanaijua kwa kinywaji. Ule unazuia mwili kuivunja kotisoli, homoni inayochochewa na ile ACTH, na unapoteza potasiamu, yani unamwongezea farasi wa Cushing shida ileile anayoikimbia. Unawekwa kwenye michanganyiko mingi ya kikohozi na ya tumbo kwa sababu ya utamu, kwaiyo soma pakiti.

Kitunguu saumu kingi. Najua kinapewa kila stebo kwa ajili ya nzi. Watafiti wa Kanada mwaka 2005 walionyesha kwamba farasi waliolishwa kitunguu saumu kikavu kwa wingi kwa muda wa miezi kama miwili walipata upungufu wa damu. Mzee ambaye mwili umeshadhoofika hana damu ya kuchezea.

Ule mzizi wa Kalahari unaoitwa Harpagophytum, kwenye makopo umeandikwa Devil's Claw, unapunguza maumivu kweli, ila unaweza kuchokoza vidonda vya tumbo hasa ukichanganywa na dawa za maumivu za hospitali, haufai kwa mwenye mimba, na kemikali yake iko kwenye orodha ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, ya dawa zinazodhibitiwa mashindanoni. Pia maumivu yakifunikwa hutaona laminaitisi ikianza. Ukitaka kuutumia, veti aseme.

Shubiri inaharisha, zamani ilikua ndo dawa yenyewe ya kuharisha farasi, usimnyweshe. Na mwarobaini, jamani najua unatibu arobaini, lakini farasi wa Cushing anayetumia pergolaidi si mahali pa kujaribia, uache kwa kufukuzia nzi kwa nje.

Ukishachagua kimoja, namna ya kuanza ni hii. Geuza kopo usome nyuma kabla ya mbele. Kama kitu cha kwanza au cha pili ni molasi, sukari, asali au pumba za ngano, rudisha, haijalishi mbele wamechora farasi gani, umenunua sukari yenye majani. Kama hawajaandika kiasi cha kila mmea, rudisha. Kama wameandika kinaponya Cushing, rudisha na usinunue tena kwa huyo, huu ugonjwa hauponi, unatunzwa mpaka mwisho. Alafu anza na robo ya kipimo kwa siku tatu, nusu kwa siku nne, kisha kamili, kitu kimoja tu kwa wakati, wiki nne kabla ya kuongeza kingine. Mwenye kumimina vitu vitano kwenye ndoo siku moja, farasi akihara hajui atoe kipi.

Daftari liwepo na liandikwe kila siku, ata kama ni mistari miwili. Amekunywa ndoo ngapi, amemaliza chakula au amebakisha, kidonge kimeingia, jasho, na mapigo ya kwato. Mapigo unayapata nyuma ya kifundo pembeni huku na huku, bonyeza kwa vidole viwili taratibu. Farasi mzima unayatafuta mpaka unakaribia kukata tamaa, ukiyapata bila kutafuta na yanagonga kwa nguvu, na kwato ni ya moto, hapo umeshafika kwenye dharura. Mtoe kwenye majani, matandiko manene laini, usimtembeze, piga simu kwa veti saa hiyohiyo, si kesho. Mitishamba yote simamisha mpaka veti aseme.

Na huo muda wote chakula kinafanya kazi kubwa kuliko kopo lolote nililolitaja. Hei (nyasi kavu) ya boma rhodes iliyokatwa imekomaa ni rafiki yake, na kama insulini iko juu iloweshe kwenye maji baridi nusu saa mpaka saa moja, mwaga yale maji mbali asije akayanywa, mpe palepale. Usiloweshe usiku kucha kwa joto letu, inachacha. Molasi hapana, mahindi hapana, mkate hapana, na wageni wa Jumapili wenye karoti za kilo mbili waelezwe kwa heshima. Meno yaangaliwe mara mbili kwa mwaka, kinyesi kipimwe minyoo kwa sababu kinga yake imeshuka, kwato zikatwe kila wiki sita hivi. Na manyoya yakigoma, mnyoe! Asali tulimnyoa mwili mzima kwa mashine siku ileile aliyoweza kusimama vizuri, alasiri akajigaragaza kwenye vumbi kama mtoto wa farasi.

Aliwekwa kwenye pergolaidi, hei ya kulowesha, na uwatu wa kufichia kidonge. Kopo la viteksi lilibaki nusu, veti alisema tuliache na tukaliacha. Aliishi miaka mitatu zaidi, na miwili ya hiyo alibeba watoto tena, wale wadogo kabisa, kwa mwendo wa taratibu asubuhi kabla jua halijakali. Daftari lake bado ninalo, ukurasa wa mwisho umeandikwa ndoo tatu, kidonge ndio, mapigo hayapatikani.